Kikwembe cha mama sandukuni: nguo za zamani na namna ya kuzivaa leo

Kutoka Uvira kushuka Makobola, Swima, Mboko mpaka Baraka, kando ya barabara ya kitaifa namba 5, nyumba nyingi ziko na sanduku moja ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Ndani yake mama anaweka vikwembe vyake: cha harusi, cha ubatizo wa mtoto wa kwanza, kile alichopewa na wakwe, na vingine ambavyo havijawahi kushonwa. Kwa siku za kawaida wasichana wanavaa jipe, pantalo na robo za baloti zinazouzwa chini sokoni. Lakini harusi inapokaribia, wanarudi kwa mama kuuliza kama kuna kitu ndani ya sanduku.

Swali hilo linafungua mengine. Nguo hii ilitoka wapi? Inaweza kukatwa ao hapana? Namna gani msichana wa leo anaweza kuivaa bila kuonekana kama amevaa nguo ya mtu mwingine? Hapa kuna maelezo ya kusaidia familia kuamua, kabla kitambaa hakijafika mezani kwa fundi.

Majina na vipimo

Wakaaji wa Kivu na Tanganyika wanasema kikwembe ao kitenge. Wa Kinshasa na wenye kuongea Lingala wanasema liputa, na blouse inayoshonwa pamoja nayo wanaiita libaya. Kwa Kifaransa ni pagne. Kitu ni kimoja: kitambaa cha pamba chenye maua na rangi, ambacho mwanamke anaweza kufunga kiunoni vile kilivyo ao kupeleka kwa fundi.

Kikwembe kimoja ni yadi 2, maana yake karibu mita 1 na sentimeta 80. Waksi nzuri inauzwa kwa mkunjo wa yadi 6 ao yadi 12. Yadi 6 zinatoa vikwembe 3, na hapo ndipo lilipotoka vazi kamili la wamama wa zamani. Cha kwanza kinafungwa kiunoni. Cha pili kinafungwa juu ya cha kwanza, ao kinabebewa mtoto, ao kinawekwa begani. Cha tatu kinashonwa blouse, na kinachobaki kinakuwa kitambaa cha kichwa. Mama aliyevaa vyote vitatu vya ua moja alikuwa amevaa kikamilifu.

Kabla ya waksi: merikani na kaniki

Watu wengi wanafikiri kikwembe ni nguo ya mababu toka mwanzo. Historia inasema tofauti kidogo. Ndani ya misitu na milima ya mashariki, watu walivaa magome ya miti yaliyopigwa mpaka yakalainika, ngozi za nyama, na nyuzi za mimea. Kitambaa cha pamba kilifika ziwani pamoja na biashara ya misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi, ikapita Tabora mpaka Ujiji. Biashara hiyo ilileta nguo na shanga, lakini ilichukua pembe za ndovu na pia watu kama watumwa.

Kitambaa kilichojulikana zaidi kiliitwa merikani, sababu kilitoka Marekani kupitia Zanzibar. Kilikuwa pamba nyeupe isiyopakwa rangi. Kingine ni kaniki, kitambaa cha rangi ya buluu nzito karibu na nyeusi. Vitambaa hivi vilitumika kama pesa: kwa nguo msafiri alilipa chakula, wabebaji na ruhusa ya kupita. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke waliondoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, ile rasi inayoonekana mbele ya Baraka, wakafika mpaka Uvira. Safari za namna hiyo zililipwa kwa nguo na shanga.

Kuna jambo moja la kushangaza katika vipimo vya wakati ule. Nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono 4 ilikuwa shuka moja, na shuka 2 zilikuwa doti. Shuka moja ni karibu yadi 2, sawasawa na kikwembe kimoja cha leo. Rangi na viwanda vimebadilika mara nyingi, lakini kipimo cha mwili wa mwanamke kilibaki kilekile.

Waksi ilitoka Java, ikapita Holland

Maua ya waksi, ambayo leo kila mtu anaita ya Kiafrika, yalianza kule Java, katika nchi inayoitwa leo Indonesia. Huko watu walichora kitambaa kwa nta, wakakitumbukiza ndani ya rangi. Fasi yenye nta haikupokea rangi, na hivyo ua likaonekana. Waholanzi, waliotawala Java, walijaribu kuiga kazi hiyo kwa mashini. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, na mpaka leo jina lake linaandikwa kwenye ukingo wa kitambaa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, vitambaa hivi viliingia pwani ya Afrika ya Magharibi, vikapendwa sana, kisha vikasambaa mpaka Kongo.

Majina ya maua hayakutoka kiwandani. Yalitolewa na wamama wauzaji wa Togo, Ghana, Ivory Coast na Kongo, waliojua mteja anataka kusema nini bila kufungua mdomo. Kuna ua la ndege na kizimba linaloitwa kwa Kifaransa "Si tu sors, je sors", maana yake "ukitoka, nami natoka". Kuna "L'œil de ma rivale", jicho la mke mwenza. Mama aliyevaa ua hilo akipita mbele ya nyumba fulani, wenye kuelewa walielewa.

Si kila kikwembe cha zamani kilitoka Ulaya. Mashariki mwa Kongo na nchi jirani zilikuwa na viwanda vyao. Kalemie, wakati ingali inaitwa Albertville, ilikuwa na Filtisaf, kiwanda kilichosokota na kufuma pamba palepale kando ya ziwa. Kinshasa ilikuwa na Utexleo, iliyokuja kuitwa Utexafrica. Kisangani ilikuwa na Sotexki. Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura ilikuwa na COTEBU, na Dar es Salaam ilikuwa na Urafiki, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960. Leo Filtisaf haifanyi kazi tena, na Utexafrica iliacha kutengeneza vitambaa. Juu ya hiyo, kikwembe cha mama chenye jina la kiwanda cha hapa kwetu hakiwezi kununuliwa tena kipya. Kinaweza kuwa si cha bei kama cha Holland, lakini kikipotea kimepotea.

Wakati wa Zaïre: kikwembe kwa amri

Tarehe 27 Oktoba 1971, Rais Mobutu alibadilisha jina la nchi kuwa Zaïre, na siasa ya "authenticité" ikaingia mpaka ndani ya kabati za watu. Wanaume waliacha koti na tai, wakavaa abacost. Wanawake walikatazwa pantalo, jipe fupi na nywele za bandia. Kikwembe kikawa nguo ya taifa. Wamama wa chama cha MPR walivaa vikwembe vyenye sura ya Rais, wakaimba na kucheza katika mapokezi ya wakubwa. Misuko ya nyuzi ikawa pambo la kila mji.

Kwa hiyo picha nyingi za familia za miaka ya 1970 zinaonyesha wamama wa kupendeza sana, wenye vikwembe viwili na blouse ya mikono ya kujaa, kitambaa kimefungwa juu kichwani. Lakini si wote walichagua. Picha za Kinshasa za miaka ya 1950 na 1960, kama zile za mpiga picha Jean Depara, zinaonyesha wanawake wenye robo fupi na pantalo za kubana. Mtindo huo ulikuwepo, kisha ukakatazwa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na amri za mavazi zikalegea. Hata hivyo, nguo ya mwanamke iliendelea kuwa kisingizio. Mwaka 1997, AFDL ilipoingia Kinshasa, kuna wanawake waliosumbuliwa na askari juu ya pantalo na jipe fupi. Ni vizuri kukumbuka hayo wakati mtu anamwambia msichana kwamba "mwanamke wa kweli anavaa kikwembe". Kikwembe kinapendeza zaidi mwenye kukivaa akiwa amekichagua mwenyewe.

Sanduku ni benki, na pia ni kumbukumbu

Katika jamii nyingi za Fizi na Uvira, kikwembe cha mama wa binti hakikosi katika mahari. Mwanamke anaingia katika ndoa akipewa vikwembe, na anaendelea kuvipata siku kubwa za maisha yake. Fasi ambako benki iko mbali na pesa ya makaratasi inapoteza nguvu, mkunjo wa yadi 6 ambao haujafunguliwa ni akiba. Mtoto akigonjwa, mama anautoa. Ada ya shule ikikosekana, anautoa. Muuzaji akiona mkunjo wa zamani wa Holland, anajua bei yake haijaanguka.

Vita vilivunja akiba hiyo. Makobola haiwezi kusahau mauaji ya tarehe 30 Desemba 1998 mpaka mwanzo wa Januari 1999. Waliosalia walikimbia, wengi wakavuka ziwa kwenda kambi za mkoa wa Kigoma kama Nyarugusu na Lugufu. Katika kukimbia, kikwembe kilikuwa mzigo wa kwanza sababu ni chepesi: kinabeba mtoto, kinafunika usiku, kinafunga vyombo, na kikifika ng'ambo kinaweza kubadilishwa na unga. Familia nyingi zilirudi bila sanduku. Nyingine zilipoteza vitu tena wakati wa mafuriko, kama yale ya Uvira ya Aprili 2020, na wakati maji ya ziwa yalipopanda na kuingia nyumba za kando.

Ndiyo maana kikwembe kimoja kilichobaki kinaweza kuleta ugomvi mkubwa. Mtoto anaona kitambaa. Mama anaona mtu aliyempa, nyumba iliyoungua, ao dada ambaye hayupo tena.

Kutambua kitambaa kabla ya kuamua

Angalia pande zote mbili. Waksi ya kweli ina rangi karibu sawa mbele na nyuma. Kitambaa kilichopigwa chapa upande mmoja kinaonekana kimefifia nyuma. Tafuta pia mistari midogo kama nyufa ndani ya rangi: inatoka kwa nta iliyopasuka kiwandani, na haifanani toka ua moja mpaka lingine. Ikiwa nyufa zote zinafanana, zimechorwa.

Soma ukingo, lakini usiamini ukingo peke yake. Wenye kuiga wanaiga maandishi pia. Kitambaa cha bei ndogo kinaweza kuwa kigumu dukani sababu ya wanga, halafu kikafuliwa mara moja kinakuwa laini kama chandarua. Kitambaa kizuri kinalainika na miaka lakini kinabaki kizito mkononi.

Kisha pima nguvu yake. Kishike mbele ya dirisha ao jua: fasi ambako mwanga unapita sana, nyuzi zimechoka. Angalia hasa kwenye mikunjo, sababu kitambaa kilichokunjwa namna moja kwa miaka 20 kinakatika hapo kwanza. Kivute polepole kwa mikono miwili. Ukisikia sauti ndogo ya kuchanika, usikishonee nguo ya kubana. Mwisho, lowesha kitambaa cheupe na usugue pembe moja. Rangi ikitoka, kikwembe hicho kifuliwe peke yake, na kisiunganishwe na kitambaa cheupe.

Namna ya kukivaa leo

Njia ya kwanza haihitaji makasi. Funga kikwembe kizima kama jipe ndefu, vaa juu yake blouse ao shati ya rangi moja, nyeupe ao rangi inayopatikana ndani ya ua. Kitu kimoja cha zamani kinatosha. Ukivaa vikwembe viwili, blouse ya ua na kitambaa cha kichwa vyote pamoja, hilo ni vazi la sherehe, si la kwenda ofisi ao darasani.

Njia ya pili ni libaya ya mtindo wa zamani, yenye mikono ya kujaa mabegani, juu ya pantalo ao jipe ya rangi moja. Inahitaji kikwembe kimoja tu, na fundi anaweza kuikata kwa mfano wa picha ya bibi. Mwambie fundi aache pindo pana upande wa ndani, sentimeta 3 ao zaidi, ili nguo iweze kupanuliwa mwili ukibadilika. Wamama wa zamani walijua hilo: blouse moja iliweza kupita mimba tatu.

Njia ya tatu ni ya kitambaa kilichochoka. Sehemu nzima inakuwa kola, mifuko, ukingo wa mikono ao kitambaa cha kichwa juu ya robo mpya. Vipande vinavyobaki vinaunganishwa kuwa mfuko ao shuka ya mtoto. Kama kitambaa ni chembamba lakini kinapendwa, fundi aweke kitambaa cha pamba ndani ili mishono isivute ua lenyewe.

Angalisho moja juu ya pikipiki, ambayo ndiyo usafiri wa watu wengi kati ya Makobola na Uvira. Kikwembe cha kufunga kinaweza kuingia ndani ya gurudumu ao mnyororo, na mtu anaanguka vibaya. Kabla ya kupanda, kusanya ncha zote, zikalie, ao vaa pantalo ndani. Mwenye kusafiri kila siku afadhali ashonee jipe yenye marinda, iliyofungwa pande zote.

Kukata ao kutokata

Hapa ndipo familia zinagombana. Wamama wengine wanasema kikwembe kikikatwa thamani imekufa, na kwa mkunjo wa yadi 6 ambao haujaguswa wana haki: mnunuzi anataka kamili. Wasichana wanasema kitambaa kinachooza sandukuni hakimsaidii mtu, na wao pia wana haki: panya, mende na unyevu wa ziwa haviheshimu kumbukumbu.

Njia ya katikati ipo. Mkunjo kamili ambao haujafunguliwa ubaki kama akiba. Kati ya vikwembe 3 vilivyokwisha kutenganishwa, kimoja kishonwe na viwili vibaki. Kikwembe cha mahari ao cha marehemu kisikatwe mpaka wenye haki wote wamekubali, wakiwemo dada walio mbali, sababu kitambaa kilichokatwa hakirudi. Kabla ya kukata, pigeni picha ya kitambaa kizima na ya ukingo wake, na mwandike jina la aliyekivaa na mwaka kama unajulikana. Na fundi apewe kwanza kitambaa cha bei ndogo ajaribu modeli. Kikiwa kimekaa vizuri mwilini, ndipo akate cha mama.

Kukitunza

Fua kwa maji baridi na sabuni laini, bila maji ya javel. Usikamue kwa nguvu. Anika kivulini, upande wa nyuma ukiwa nje, sababu jua la saa sita linakula rangi. Piga pasi kwa nyuma, na ukitumia pasi ya makaa, weka kitambaa cheupe juu ili cheche isitoboe.

Sanduku liinuliwe juu ya mawe ao mbao, lisikae chini kwenye sementi ao udongo. Kila kitambaa kiingie kikiwa kikavu kabisa. Kila miezi michache, siku ya jua, toa vyote, kung'uta, na ukunje upya kwa mistari tofauti na ya kwanza. Majani makavu ya mwarobaini, yakifungwa ndani ya kitambaa, yanasaidia kufukuza wadudu. Dawa ya vidonge vyeupe isiguse nguo moja kwa moja, na iwe mbali na watoto.

Na siku hiyo ya kuanika, binti akiwa nyumbani, mama amwonyeshe kila kimoja na kumwambia kilitoka kwa nani. Wengi wanafungua sanduku mara ya kwanza siku ya kilio, na wakati huo hakuna tena wa kuuliza.